Mpiga Picha wa Ridhaa

Neno hili tumelipata kwa watangazaji wa michezo. Bondia asiyelipwa hucheza ngumi za ridhaa. Timu ya mtaani ambayo haijafika ligi ya kulipwa hucheza soka la ridhaa. Nami ambaye sijawahi kuuza picha hata moja, na sina mpango wa kuuza, ni mpiga picha wa ridhaa. Wafaransa wana neno lao, amateur, ambalo asili yake ni mtu mwenye kupenda. Letu lina mzigo zaidi. Ridhaa ni kufanya jambo kwa hiari ya moyo wako, lakini ridhaa pia ni kauli ya kukubali: ya binti anapoulizwa kuhusu ndoa, ya mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Kwa mwenye kamera maana hizo mbili haziachani, kwa sababu mbele ya lenzi yangu mara nyingi yupo mtu mwingine, naye ana ridhaa yake.

Wanaoniuliza wanunue kamera gani hutarajia nitaje idadi ya pikseli na bei. Huwa naanza na historia, kwa kuwa kila kamera iliyowahi kutengenezwa kwa ajili ya watu wa kawaida ilibadilisha kidogo uhusiano wa ridhaa hizi mbili. Mara nyingi ile ya mpigaji ilipopanuka, ile ya mpigwaji ilibanwa.

Mwanzoni hapakuwa na nafasi ya kumpiga mtu picha bila yeye kujua. Njia ya Louis Daguerre ilipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, ilitaka muda mrefu wa kutulia mbele ya kamera. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alileta njia ya kioo kibichi: kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka, yaani ndani ya dakika chache. Aliyesafiri na kamera alibeba pia vioo, chupa za dawa na hema la kuwa chumba cha giza. Aliyepigwa picha studioni aliwekewa chuma nyuma ya kichwa ili asitikisike. Mtu aliweza kulazimishwa, na wafungwa na watumwa walilazimishwa kweli, lakini hakuweza kuibiwa sura yake akiwa anapita njiani.

Aliyeubadilisha mambo hayo alikuwa mtu wa ridhaa. George Eastman, karani wa benki katika mji wa Rochester, New York, alinunua vifaa vya kupiga picha mwaka 1877 kwa ajili ya safari ya mapumziko ambayo hatimaye hakwenda. Vilikuwa vizito na vya gharama, na vilimkera kiasi cha kumfanya atafute njia nyepesi. Mwaka 1888 aliuza kamera yake ya kwanza ya Kodak, jina alilolibuni mwenyewe. Lilikuwa boksi dogo la dola 25, likiwa tayari na filamu ya picha 100. Mnunuzi alilenga, akabonyeza, akazungusha filamu. Picha 100 zikiisha, alilituma boksi zima kiwandani pamoja na dola 10, akarudishiwa picha zake za duara, zenye kipenyo cha inchi mbili na nusu, na kamera iliyotiwa filamu mpya. Kazi ya chumba cha giza ikawa ya mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kufurahia kupiga picha bila kujua kemia hata kidogo.

Furaha hiyo ilikuwa na upande wa pili, nao ulionekana upesi. Miaka miwili kabla ya Kodak, mwaka 1886, ilikuwa imeanza kuuzwa kamera ya Stirn, bapa na ya duara kama sahani, iliyovaliwa chini ya kizibao huku lenzi yake ikichungulia kwenye tundu la kifungo. Desemba 1890 wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha katika jarida la sheria la Harvard makala kuhusu haki ya faragha. Miongoni mwa mambo waliyoyalalamikia waziwazi ni picha za papo kwa papo na magazeti yanayoingia hadi ndani ya nyumba za watu. Fikra ya faragha tunayoiona leo kama haki ya kawaida ilipata msukumo wake mkubwa mara tu kamera ilipokuwa nyepesi.

Haikuchukua muda fikra hiyo kupimwa mahakamani, na kesi ilitoka Rochester, mji uleule wa Kodak. Binti aitwaye Abigail Roberson alikuta sura yake kwenye matangazo ya unga wa ngano. Nakala zipatazo 25,000 zilikuwa zimechapishwa na kubandikwa madukani na sehemu za hadhara, na hakuna aliyemuuliza. Alishtaki. Mwaka 1902 mahakama ya rufani ya New York ilimkatalia, majaji wanne dhidi ya watatu, kwa hoja kwamba sheria haikuwa na haki ya namna hiyo. Watu walikasirika, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria: hakuna ruhusa ya kutumia jina au picha ya mtu aliye hai kwa matangazo au biashara bila ridhaa yake ya maandishi. Kila nikisoma kisa hicho, namwona yule binti akiingia dukani na kujikuta ukutani.

Wakati huo kamera zilikuwa zimeshazidi kuenea. Februari 1900 Kodak ilitoa Brownie, boksi la karatasi ngumu lililouzwa dola moja tu, na filamu ya picha sita kwa senti 15. Lililengwa kwa watoto, na jina lake lilitokana na vijitu vya hadithi vilivyochorwa na Palmer Cox. Mwaka wa kwanza pekee yaliuzwa zaidi ya 100,000, na ukoo wa Brownie ukaishi miongo mingi. Ndiyo kamera aliyoanza nayo Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyesomea Dar es Salaam: akiwa bado mwanafunzi alijipatia Box Brownie iliyokwisha kutumika. Mwaka 1984 kamera yake ya filamu iliionyesha dunia njaa ya Ethiopia, huko Korem. Hakuna aliyeliangalia lile boksi la mwanafunzi akadhani litamfikisha huko. Ndiyo maana simdharau anayeanza na kamera ya bei ndogo.

Brownie za boksi zilikuwa na tabia moja ninayoipenda. Nyingi zilikuwa na kidirisha kidogo juu, kwa hiyo mpigaji aliishika kamera tumboni na kuinamisha kichwa ili aone. Rolleiflex ya mwaka 1929, ingawa ilikuwa bora na ghali mno kulinganisha nayo, ilishikwa vivyo hivyo. Anayepigwa anaona uso wako wote, tena umeinama kama unayemwamkia. Kamera ya kuweka jichoni hufunika uso wa mwenye kuishika.

Kamera ya jichoni nayo ilizaliwa na mpenzi wa picha. Oskar Barnack alikuwa fundi katika kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Alikuwa na pumu, na kubeba kamera kubwa milimani kulimtesa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alijitengenezea kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35, na mwaka 1925 Leica ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig. Fremu yake, milimita 24 kwa 36, ndiyo kipimo ambacho wauzaji wa kamera za kidijitali hadi leo hukiita fremu kamili. Iliingia mfukoni na haikuwa na kelele. Ilimpa mpiga picha wa mtaani uhuru ambao hakuwahi kuwa nao, na ikawapunguzia wapita njia nafasi ya kusema hapana.

Pwani yetu imezijua sura zote mbili za jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 kadi za posta zilizopigwa Zanzibar na Mombasa ziliwauzia wasafiri nyuso za wanawake na wachukuzi, nyingi bila majina, zikiwa na maelezo ya kabila au kazi tu. Lakini pwani hiyohiyo ilikuwa na studio. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930. Mtu aliyekwenda studio alikwenda kwa miguu yake, amevaa nguo aliyoichagua, akakaa alivyotaka kukumbukwa. Nikitazama picha za kadi na picha za studio za zama hizo nauona tofauti machoni, hata pale ambapo mwanga na ufundi unalingana.

Kuna dhuluma nyingine isiyohitaji mpigaji awe na nia mbaya. Filamu za rangi zilirekebishwa kwa kutazama kadi ambazo Kodak ilizipeleka kwenye maabara, zikiwa na picha ya mwanamke mweupe. Mafundi walizoea kuziita kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth alieleza mwaka 2009 jinsi ngozi nyeusi zilivyopotea katika vipimo hivyo, na jinsi msukumo wa mwanzo wa kuboresha rangi za kahawia ulivyotoka kwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti. Jamaa zetu walitoka kwenye picha za harusi wakiwa macho na meno, tukadhani ndivyo walivyo. Hata leo kipima mwanga cha kamera hujaribu kuifanya kila kitu kiwe na weusi wa kati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe wenye jua, kamera itauona ukuta, itapunguza mwanga, na uso utazama. Dawa si kamera ya bei kubwa. Mwombe asogee kivulini, pima mwanga usoni mwake, ukuta uuache uungue. Kumwomba asogee ni lazima uzungumze naye, na hapo ufundi na adabu vinakuwa kitu kimoja.

Kwa upande wa ridhaa ya pili, kamera niipendayo kuliko zote katika historia hii ni Polaroid. Edwin Land alisimulia kwamba wazo lilimjia mwaka 1943, bintiye mdogo alipomuuliza kwa nini hawezi kuiona picha sasa hivi. Kamera ya kwanza iliuzwa Boston Novemba 1948. Picha ilikuwa tayari kwa dakika moja hivi, na aliyepigwa aliweza kuondoka nayo. Hakuna nakala iliyobaki kwenye boksi la mgeni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali yenye uzito wa kilo 3.6, iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Januari 2012 Kodak yenyewe iliomba kinga ya mufilisi. Watengenezaji wa Japani walipeleka sokoni kamera za kidijitali karibu milioni 121 mwaka 2010. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu zilikuwa zimechukua kazi. Kwa hiyo anayenunua kamera leo hanunui kwa sababu hana cha kupigia picha. Ananunua namna ya kutazama, na ndiyo sababu uchaguzi wake una maana zaidi kuliko zamani.

Mimi nilichagua kamera ya mtumba isiyo na kioo cha ndani, na lenzi moja ya milimita 35 isiyovuta. Lenzi ndefu ni nzuri kwa ndege na kwa mpira, lakini ingeniwezesha kumchukua mtu aliye ng'ambo ya barabara asiyejua kama nipo. Kwa milimita 35, nikitaka uso ni lazima nisogee hadi nisikie salamu yangu ikijibiwa. Nimechagua pia skrini inayokunjuka, ili niishike tumboni kama Brownie. Na fedha ambayo ningenunulia lenzi ya pili naitumia kusafisha picha Kariakoo, kwa karatasi, na kuzirudisha kwa wenyewe.

Feri, sokoni, mama mmoja muuza dagaa aliniuliza kabla sijainua kamera: "Mwanangu, hiyo picha itakwenda wapi?" Nikamwambia, "Itarudi kwako, mama." Akajifunga kanga upya, akapanga dagaa wake, akasema sasa piga. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda nafsi na maisha binafsi ya kila mtu, na tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Yule mama hakuhitaji kunisomea chochote kati ya hivyo. Aliuliza swali ambalo Abigail Roberson hakupewa nafasi ya kuliuliza.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue kamera gani, nami nitakuuliza unataka kusimama wapi: mbali au karibu, umefunika uso au umeonekana. Ukishalijibu hilo, kamera inayokufaa huwa tayari ipo dukani, na mara nyingi si ile ya bei kubwa.