UTITIRI MWEKUNDU WA NYANYA: NDUGU WANAOFANANA

Leo tuzungumzie historia ya adui mdogo sana wa nyanya zetu, utitiri mwekundu. Kule Ngarenanyuki, Tengeru na kwingineko kuzunguka Mlima Meru tunamjua kwa kazi yake. Kiangazi kikikaza, majani yanaota vidoa vyeupe, yanakauka, halafu mche mzima unavikwa utando. Huyu ni jamaa ya buibui, siyo mdudu. Hesabu miguu: mdudu anayo sita, utitiri aliyekomaa anayo minane.

Sasa, ndugu mkulima, shida ni kwamba jina hili moja wanalitumia wengi. Yupo wa zamani, ambaye wataalamu humwita Tetranychus urticae, jina alilopewa na Mjerumani Koch mwaka 1836. Huyu hachagui chakula: maharage, pamba, mipapai, waridi, nyanya, vyote kwake sawa. Pengine ni wa kijani mwenye madoa mawili meusi, pengine ni mwekundu. Halafu yupo mgeni kutoka Amerika ya Kusini, Tetranychus evansi. Yeye hupenda zaidi ukoo wa nyanya: nyanya zenyewe, viazi mviringo, bilinganya, tumbaku, na hata mnavu wetu wa mboga. Majike wekundu wa aina hizi mbili ukiwatazama kwa macho tu, huwezi kuwatenga.

Hata wataalamu walipotea. Huko Brazil, miaka ya 1950 mwanzoni, mgeni huyu aliandikwa kwa jina la ndugu yake mwingine, marianae. Ni mwaka 1960 ndipo Wamarekani Baker na Pritchard walipompa jina lake, kwa kutazama utitiri waliotoka kisiwa cha Mauritius.

Je, hutambuliwaje? Hutafutwa dume. Hulazwa ubavu juu ya kioo, chini ya hadubini, mpaka kiungo chake cha uzazi kionekane. Ncha ya kiungo hicho ina umbo lake kwa kila aina, kama meno ya ufunguo. Dume akilala chali umbo halionekani vizuri, kazi inaanza upya.

Kwa njia hiyo safari ya mgeni huyu imefuatwa. Barani kwetu alionekana Zimbabwe mwaka 1979, akapanda kuelekea kaskazini, na Kenya alithibitishwa mwaka 2001. Tanzania nayo imo katika orodha. Hana mabawa, husafiri na miche, matunda, nguo za watu na upepo.

Mtu atauliza: utitiri ni utitiri, jina la nini? Linatuhusu sana. Yuko utitiri mwingine aitwaye Phytoseiulus persimilis, mla utitiri wenzake, ambaye wakulima wa maua Kenya humtumia. Kwa urticae anafanya kazi nzuri. Kwa evansi anashindwa. Ilibidi watafiti warudi kwao mgeni, na miaka ya 2000 wakampata Phytoseiulus longipes kusini mwa Brazil, anayemla vizuri. Basi ukikosea jina, umeajiri mlinzi asiyemjua mwizi.

Tufanye nini? Kwanza, ng'oa mnavu wa porini kandokando ya shamba, maana ndiko mgeni anakojificha baada ya mavuno. Pili, masalia ya nyanya uyachome, usiyaache. Tatu, usikimbilie dawa za wadudu ovyo. Nyingine huua wala-utitiri na kumwacha adui akiongezeka. Nne, ukiona maharage ya jirani ni mazima na nyanya zako zinakwisha, hiyo ni dalili tu, siyo ushahidi. Chuma majani kadhaa yenye utitiri wengi, yatie katika chupa ya spiriti, umpelekee bwana shamba au bibi shamba wako. Usilete jani moja: bila dume hatuwezi kusema kitu.

Kwa leo tuishie hapo. Kazi njema shambani.