Neno elekezi, au jinsi Busia inavyopotea kwenye hifadhidata za tiba

Mwaka 1998 shule 75 za msingi kusini mwa Busia, upande wa Kenya, zilianza kuingizwa kwa awamu kwenye mpango wa dawa za minyoo. Utafiti uliotokana na mpango huo, wa Edward Miguel na Michael Kremer, ulichapishwa 2004 na kuvuma dunia nzima. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Nobel ya uchumi. Hata hivyo, mwanafunzi wa afya ya jamii akiandika “Busia” na “worms” kwenye PubMed, mtambo wa kutafutia makala za tiba, asishangae akiukosa. Ikisiri yake haitaji Busia, inataja mradi wa Kenya tu. Jarida lililouchapisha, Econometrica, ni la wachumi, na MEDLINE, hifadhidata kuu iliyomo PubMed, hukusanya majarida ya tiba. Watafiti wengine walipozichambua upya takwimu zile mwaka 2015, katika International Journal of Epidemiology, vichwa vya makala zao vilisema “western Kenya”. Busia ikamezwa na Magharibi.

Wanaofundisha watafiti namna ya kutafuta machapisho hukutana na tatizo hili kila siku: anayetafuta ana maneno yake, aliyeandika ana ya kwake. Dawa iliyobuniwa ni msamiati dhibiti, yaani orodha moja ya maneno yaliyokubaliwa, kila dhana ikipewa jina moja tu la kutafutiwa. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo fahirisi yake ya Index Medicus ilianza 1879, ilitoa toleo la kwanza la orodha yake, MeSH, mwaka 1960. Leo ina maneno yapatayo elfu thelathini, na huhaririwa kila mwaka.

Tororo, mashariki mwa Uganda, inafaa kuwa mfano. Ndiko ilikokuwa taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa malale, EATRO, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa wenyewe ukaingia wilayani humo. Daktari mmoja ataandika “sleeping sickness”, mwenzake “HAT”, wa tatu atataja kimelea peke yake, rhodesiense. Zikishapita kwenye uainishaji, makala zote tatu hubandikwa lebo moja: “Trypanosomiasis, African”. Ndiyo, jina limegeuzwa, la ukoo likatangulia kama kwenye daftari la mahudhurio. Anayeitumia lebo hiyo anazipata zote tatu bila kukisia kila mwandishi aliamka na neno gani.

Sasa, lebo hiyo, kwa Kiingereza subject heading, tuiiteje kwa Kiswahili? Tafsiri inayokuja haraka ni “kichwa cha mada”. Ubaya wake ni kwamba makala tayari ina kichwa chake, na kichwa hicho ndicho hasa tunachotaka kukikwepa. Mwambie mwanafunzi atafute kwa vichwa, ataenda kuwinda maneno ya mwandishi. “Maneno ya msingi” nayo yameshachukuliwa: ni yale ambayo mwandishi mwenyewe huyaorodhesha chini ya ikisiri, kila mtu na hiari yake. Makala hii inapendekeza neno elekezi. Msomaji amezoea kusikia “bei elekezi”, bei inayotangazwa na mamlaka ili wote wajue pa kushika, na kazi ya lebo ya MeSH ni hiyo hiyo. Hupachikwa na mwainishaji, au tangu 2022 na programu ya maktaba, wala si na mwandishi.

Maneno elekezi hupangwa kama mti. Chini ya tawi la “Helminthiasis” yamo magonjwa ya safura, kichocho na minyoo mingine, na PubMed hulipanua tawi yenyewe: ukiomba la juu, inakuletea na matawi yake. Kwa jiografia, tawi la Afrika Mashariki linabeba Kenya na Uganda pamoja, jambo la faraja kwa mtafiti ambaye mbu wake wanavuka mpaka bila kugongewa muhuri.

Ila tawi hilo la Afrika Mashariki linaishia kwenye nchi. Busia haimo, Tororo haimo. Majina hayo lazima yaandikwe kama yalivyo, na hapo Busia inaleta balaa lake: kuna ya Uganda, kuna ya Kenya, na kuna Busia ambalo ni jina la ukoo Ghana, kama la waziri mkuu wa zamani Kofi Abrefa Busia.

Kwa hiyo utafutaji mzuri hujengwa kwa mafungu. Kwenye mabano ya kwanza huingia ugonjwa: neno elekezi pamoja na visawe vyake, vikiunganishwa kwa OR. Kwenye mabano ya pili huingia mahali: Busia, Tororo, “western Kenya”, “eastern Uganda”, pia kwa OR. Kati ya mabano na mabano hukaa AND, kwa herufi kubwa. Visawe visiachwe, kwa kuwa makala iliyoingia jana huenda haijapata lebo yoyote. Kinyota cha kukatia neno, kama deworm*, kina faida, lakini PubMed ikikiona huacha kulitafutia neno hilo neno elekezi lake.

Bado kuna zitakazoponyoka. Jaribio lililochapishwa 2016 kuhusu kinga ya malaria kwa wajawazito 300 lilifanyika Tororo. Lile lililochapishwa 2019 la wajawazito 782, lililolinganisha dawa nyingine na SP, ambayo wengi bado wanaiita Fansidar, lilifanyika Busia ya Uganda. Vichwa vya makala zote mbili havitaji mji wala nchi. Kwenye PubMed zitafutwe kwa maneno elekezi ya Uganda na ya vimelea katika ujauzito. Kwenye Europe PMC, ambako mashine husoma hadi ndani ya makala pale matini yake yote yanapopatikana, majina ya miji yanafaa kujaribiwa tena, kwa sababu maelezo ya mbinu kwa kawaida hutaja hospitali na wilaya.