Fomu ya Karatasi na Kompyuta ya Mosoriot

Tulipokimbia, daftari la kliniki la mama yangu lilibaki nyumbani. Huku kambini nesi akamuuliza anatumia dawa gani. Mama akajibu, "Vidonge vyeupe." Vidonge vyeupe ni vingi.

Leo twende Mosoriot, kituo cha afya cha kijijini karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, walianza kutunza habari za wagonjwa wa hapo kwenye kompyuta. Kila mgonjwa alipata namba. Lakini karatasi haikutupwa. Tabibu aliendelea kuandika kwenye fomu, mgonjwa akaibeba chumba hadi chumba, mwishoni karani akaiingiza kwenye kompyuta. Betri ya sola iliwekwa kwa ajili ya umeme kukatika. Watafiti walipopima, muda wa kusubiri ulikuwa umepungua kwa asilimia 38.

Unaona? Mashine ilikuja, lakini hakuna aliyelazimishwa kuacha kazi aliyoizoea kwa siku moja.

Basi ukikuta kompyuta mpya kwenye zahanati yako na foleni haisogei, usimtukane karani; naye anajifunza. Taja jina lile lile kila unapokwenda. Tunza namba yako. Na una haki ya kuuliza: "Umeme ukikatika, habari zangu mnaziandika wapi?"

Mama sasa ana namba. Ameikariri.