King'ora Kilichoogopa Jua

Mwaka 1990 yaliibwa magari karibu 147,000 katika jiji la New York, yaani wastani wa magari 400 kila siku. Aliyeegesha gari barabarani usiku hakuwa na uhakika wa kulikuta asubuhi. Biashara ya ving'ora ikanoga. Kampuni za bima zilimpunguzia ada mteja aliyefunga kifaa cha kuzuia wizi, na si muda mrefu wakazi wakawa wanaamshwa usiku na magari ambayo hakuna aliyeyagusa.

Majira ya joto ndiyo yalikuwa na visa vya ajabu zaidi, na ili kuvielewa inabidi kufungua boneti.

Ving'ora vya bei nafuu vya miaka ya 1970 na 1980 vingi havikujua kama mlango umefunguliwa. Vilichojua ni kupima umeme wa betri. Mlango ukifunguliwa, taa ya ndani huwaka, volti hushuka kidogo, king'ora hulia. Mafundi waliupenda mtindo huo kwa sababu haukuhitaji kuvuta waya hadi kila mlango. Lakini katika miaka hiyohiyo magari mengi yalikuwa yakiacha feni ya rejeta inayozungushwa na mkanda na kuhamia feni ya umeme. Injini ikizimwa siku ya joto, maji yaliyotuama ndani yake huzidi kupata moto, na katika magari mengi feni hujiwasha yenyewe dakika chache baadaye ili kuyapoza. Dereva kafunga milango, kawasha king'ora, kaenda zake dukani. Feni inaanza kuzunguka, volti zinashuka, na kwa hesabu za king'ora mwizi tayari yumo ndani. Watengenezaji walilijua tatizo hilo, na maelekezo ya vifaa vya aina hiyo yalionya kuhusu magari yenye feni za namna hii.

Kizazi kilichofuata kilikuja na vihisi vya mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Kifaa huyarusha ndani ya gari na kuyapima yanaporudi. Hewa ikichafuka, kelele huanza. Sasa mtu aache kioo wazi kidogo ili gari lisigeuke tanuri, kama afanyavyo kila dereva mwenye akili timamu wakati wa jua kali, na upepo kidogo tu unatosha kumchokoza mlinzi huyo. Joto lenyewe si la kubeza: watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2005 kwamba ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupanda kwa takriban nyuzi 22 za Selsiasi katika saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Betri nazo huzeeka haraka kwa joto. King'ora chenye betri yake ya kujitegemea, kikiona umeme wa gari umefifia, hudhani nyaya zimekatwa.

Huko California, Darrell Issa alijenga utajiri kwa ving'ora vya Viper, ambavyo vilimwamuru mpita njia asogee mbali kwa sauti ya Issa mwenyewe. Baadaye akaingia katika Bunge la Marekani. Wakazi wa New York hawakufurahishwa hivyo. Jiji lilitunga sheria kwamba king'ora kijizime ndani ya dakika 3, na polisi wakapewa uwezo wa kukikata au kulivuta gari. Mwaka 2003 shirika la Transportation Alternatives lilitoa ripoti likitaka ving'ora vya magari vipigwe marufuku kabisa. Hoja yake ilikuwa na mashiko: uchambuzi wa madai ya bima uliofanywa mwaka 1997, uliohusu magari milioni 73, haukuona kwamba yenye ving'ora yalipata hasara ndogo zaidi ya wizi.

Dawa iliyofanya kazi haikupiga kelele. Mwaka 1986 General Motors ilitia kipande cha kuzuia umeme, chenye kipimo maalumu, katika ufunguo wa Chevrolet Corvette. Kipimo kisipolingana, injini haiwaki. Baadaye chipu ikachukua nafasi yake, na kuanzia Oktoba 1998 Umoja wa Ulaya ukataka kila gari dogo jipya liwe na kizuizi cha injini. King'ora chenyewe nacho kikawekewa mipaka huko: kisilie zaidi ya sekunde 30 kwa mkupuo.

Mwaka 2013 magari yaliyoibwa New York hayakufika 8,000. Si haki kuipa chipu sifa yote, kwa kuwa uhalifu wa kila aina ulikuwa umepungua sana jijini, lakini ving'ora ndivyo vyenye dai dogo kuliko vyote. Sheria ya dakika 3 ingali katika vitabu vya jiji.