Ndai ya Supachaja Inagonga? Toa Mguu Kwanza

Umeweka puli ndogo kwa supachaja, ndai inavuta noma, halafu ukikanyaga mlimani unaskia kama kokoto ndani ya mkebe. Hiyo ni injini inagonga: petroli inajilipukia kabla moto wa plagi uifikie, na pistoni ndio inakula hizo ngumi. Ukizubaa, inapasuka.

Supachaja hufinya hewa, na hewa ikifinywa inachemka. Puli ndogo inaizungusha mbio zaidi, so joto na presha zinapanda pamoja.

Sasa cheki vile wasee hushikwa. Gari imetuniwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, penye hewa ni nyepesi. Ukishuka Mombasa, puli ni ile ile lakini hewa inayoingia ni nzito na iko moto. Ndai iliyokuwa poa Thika Road inaweza anza kugonga ukikaribia Mariakani. Kama unapanga kushuka Coasto, mwambie fundi mapema.

Anza na petroli ya oktani ya juu. Haiongezi nguvu yenyewe, inakataa tu kulipuka ovyo. Weka plagi za baridi kidogo, na intakula kama haina. Kazi kubwa ni ya laptop: fundi arudishe taimingi nyuma, aongeze petroli ukikanyaga. Ikigoma bado, rudisha puli ya kwanza. Najua inauma, buda.