Watazamaji wa Baleti na Usiku wa Mei 1913

Baleti ilianza kwa kutazamwa kutoka juu. Katika kumbi za makasri ya Ufaransa mwishoni mwa karne ya 16, wageni wengi walikaa kwenye roshani zilizozunguka ukumbi, na waliocheza sakafuni walikuwa watu wa tabaka lao wenyewe. Uhondo ulikuwa katika maumbo yaliyochorwa na miili mingi kwa pamoja. Mfalme Louis XIV, aliyecheza kama Jua mwaka 1653, alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661, na taratibu mchezo ukahamia kwenye kumbi zenye jukwaa upande mmoja. Sasa mtazamaji alikaa mbele, akimwona mchezaji ana kwa ana. Miguu iliyogeuzwa nje kuanzia nyonga, alama kuu ya baleti ya klasiki hadi leo, ilifaa mpangilio huo, kwa kuwa mchezaji aliweza kusogea kando huku uso wake ukiwa kwa hadhira.

Karne ya 19 iliwapa watazamaji kitu kingine cha kutamani: mwili usio na uzito. Mwaka 1832, katika *La Sylphide*, Marie Taglioni alipanda juu ya ncha za vidole vya miguu, akiwa na gauni jeupe jepesi chini ya mwanga wa taa za gesi, naye akaonekana kama pepo asiyekanyaga chini. Paris ilimshangilia. Baadaye ufundi huo ulistawi zaidi Urusi, mikononi mwa Marius Petipa, aliyetunga *The Sleeping Beauty* kwa muziki wa Tchaikovsky mwaka 1890. Hadhira ya St. Petersburg ilikuwa na wapenzi waliozijua hatua kwa majina na kuwalinganisha wachezaji usiku hadi usiku. Pierina Legnani alipozunguka mara 32 mfululizo kwa mguu mmoja katika *Swan Lake* ya mwaka 1895, watu hao walijua vizuri walichokuwa wakikihesabu.

Bila kuelewa mazoea hayo, ghasia za Paris za tarehe 29 Mei 1913 hazieleweki. Kundi la Sergei Diaghilev, Ballets Russes, lilikuwa katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées, uliofunguliwa mwaka huohuo. Usiku ulifunguliwa na *Les Sylphides*: magauni meupe, muziki wa Chopin, wepesi uleule wa enzi ya Taglioni. Kisha ikaja *Le Sacre du printemps*, muziki wa Igor Stravinsky na dansi ya Vaslav Nijinsky. Wachezaji walisimama vidole vya miguu vikielekea ndani, magoti yamekunjwa, wakikanyaga sakafu kwa kishindo hadi msichana mteule alipocheza mpaka kufa. Kila walichofunzwa watazamaji kukipenda kilikuwa kimepinduliwa, na mpangilio wa programu ulizidisha mshtuko. Wengine walizomea, wengine wakawakemea waliozomea. Kelele zilifunika muziki, na Nijinsky akawa anawapigia wachezaji hesabu kwa sauti kutoka pembeni ya jukwaa. Pierre Monteux aliiongoza okestra hadi mwisho.

Mara nyingi hadhira hiyo hutajwa kama kundi la wajinga. Hukumu hiyo haina haki. Wengi wao walikuwa na jicho lililonolewa, ila lilinolewa kwa ajili ya kitu tofauti. Na sehemu kubwa ya upinzani ilihusu dansi: Aprili 1914 muziki uleule ulipopigwa Paris bila wachezaji, Stravinsky alibebwa mabegani. Dansi ya Nijinsky ilionyeshwa mara chache, kisha ikapotea. Kundi la Joffrey liliirudisha Marekani mwaka 1987, baada ya utafiti mrefu wa Millicent Hodson na Kenneth Archer.

George Balanchine aliizoesha hadhira ya New York njia ya tatu. *Agon* ya mwaka 1957 haina kisa wala mapambo. Wachezaji 12 huvaa nguo za mazoezi, na mtazamaji hubaki na miili na muziki pekee. Ufundi wake bado ni wa klasiki, hata pale nyonga zinaposukumwa nje ya mstari. Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi, alicheza humo sehemu ya wawili na Diana Adams, mwanamke mweupe, wakati ubaguzi ungali sheria katika majimbo mengi ya kusini. Mwaka 1969 alishiriki kuanzisha Dance Theatre of Harlem.

Mwaka 1975, Pina Bausch wa Wuppertal, Ujerumani, aliutungia muziki wa *Le Sacre* dansi mpya juu ya jukwaa lililofunikwa udongo, ambao huwagandia wachezaji mwilini kadiri wanavyotoka jasho. Mwaka 2021 dansi hiyo ilianza kuzungushwa duniani na wachezaji kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kwa ushirikiano na École des Sables, shule ya Germaine Acogny nchini Senegal.