Mpango wa mgonjwa mmoja: wauguzi walivyotoka kwenye kugawana kazi wakaja kwenye maswali

Mpango wa huduma ya uuguzi unaoandikwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, si kwa wodi nzima, ni jambo changa. Kwa miaka ipatayo 100 baada ya Florence Nightingale kuanzisha shule yake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, kazi za wodini ziligawanywa kwa shughuli. Muuguzi mmoja alipima joto la wagonjwa wote, mwingine alifunga vidonda, na mwanafunzi mgeni ndiye aliyezunguka na vyombo vya haja. Mgonjwa alihudumiwa na kila mtu, asijue ni nani hasa anayemshughulikia yeye.

Si kwamba Nightingale ndiye aliyeyataka hayo. Kitabu chake cha 1859 kinamtaka muuguzi aangalie mengi kuhusu huyo anayemuuguza: hewa anayovuta, kelele zinazomsumbua, chakula kinachobaki bila kuguswa. Lakini hospitali zilizokuwa zikikua zilitaka kazi ziishe kwa saa zake, na mwanafunzi alipimwa kwa wepesi wa mikono na utii kwa sista wa wodi.

Mwaka 1960 Isabel Menzies, mwanasaikolojia aliyechunguza huduma ya uuguzi katika hospitali moja kubwa ya London, alichapisha matokeo yaliyoudhi wengi. Alikuta wagonjwa wakitajwa kwa namba ya kitanda na kiungo kinachougua: ini la kitanda cha 10. Kwa maelezo yake, utaratibu huo haukuwa uzembe. Uliwakinga wauguzi na wasiwasi unaompata mtu anayekaa karibu na maumivu na kifo kila siku. Gharama yake ni kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ulikatwa vipandevipande.

Wakati huo, ng'ambo ya Atlantiki, mambo yalikuwa yameshaanza kugeuka. Uuguzi wa Marekani ulikuwa umeingia vyuo vikuu, na wasomi wake walitaka kuonyesha kwamba taaluma yao ina maarifa yake, si kutekeleza tu aliyoyaandika daktari. Hildegard Peplau aliandika mwaka 1952 kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa wenyewe ni sehemu ya tiba. Virginia Henderson aliorodhesha mahitaji 14 ya msingi, akaeleza kwamba muuguzi humsaidia mtu kufanya yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi. Ida Jean Orlando, mwaka 1961, alisisitiza muuguzi amwulize mgonjwa kwanza kabla ya kudhani anajua shida yake. Kisha mwaka 1967 Helen Yura na Mary Walsh waliuweka mchakato wa uuguzi katika hatua nne: kukusanya taarifa, kupanga, kutekeleza na kutathmini. Hatua ya tano, utambuzi wa tatizo la kiuuguzi, ilipata nguvu baada ya mkutano wa St. Louis wa 1973.

Mchakato ulionyesha njia, lakini haukusema muuguzi atafute nini. Kazi hiyo iliachiwa modeli. Dorothea Orem, mwaka 1971, alijenga yake juu ya uwezo wa mtu kujihudumia. Inamfaa sana mgonjwa wa kisukari anayepaswa kujifunza kujichoma insulini. Callista Roy aliangalia jinsi mtu anavyokabiliana na mabadiliko.

Modeli iliyoenea zaidi Uingereza ilitoka Edinburgh, ambako chuo kikuu kilikuwa na idara ya uuguzi tangu 1956. Nancy Roper alianza na swali la kawaida kabisa: mwanafunzi anapohamishwa wodi hadi wodi, kuna kiini gani cha uuguzi kisichobadilika? Alichokiona ni maisha ya kila siku. Utafiti wake ulitoka mwaka 1976, na mwaka 1980 yeye, Winifred Logan na Alison Tierney walichapisha modeli kamili yenye shughuli 12 za kuishi: usalama wa mazingira, kuwasiliana, kupumua, kula na kunywa, kwenda haja, kuoga na kuvaa, kudhibiti joto la mwili, kujongea, kazi na michezo, kudhihirisha ujinsia, kulala, na kufa. Kukiweka kifo ndani ya orodha ya kuishi kulihitaji ujasiri, na wodi nyingi zilikiruka kimyakimya pamoja na ujinsia.

Tuseme mzee amepatwa na kiharusi na mkono wake wa kulia umepooza. Chini ya utaratibu wa zamani, daftari la zamu lingeandika kwamba hakula. Modeli ya Roper inamlazimisha muuguzi aulize zaidi. Nyumbani alikula nini, saa ngapi, na nani? Meno ya bandia yako wapi? Je, anameza vizuri, au chakula kinaweza kupita njia ya hewa? Anaona haya kulishwa na msichana mdogo? Majibu yanazaa lengo linalopimika: ndani ya siku tatu, akiwa amekaa wima, ale nusu ya sahani mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Siku ya tatu lengo linapimwa, na lisipofikiwa mpango unabadilishwa.

Baraza la uuguzi la Uingereza na Wales liliingiza mchakato wa uuguzi katika mtaala mwaka 1977, na modeli zilipoufuata wodini, kasoro zilianza kuonekana. Maswali yaligeuka fomu. Katika wodi zenye upungufu wa watumishi, shughuli 12 zikawa visanduku 12 vya kujaza usiku wa manane, na mipango ikanakiliwa kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Lawama ziliangukia modeli, ingawa kosa kubwa lilikuwa la namna zilivyoletwa: kwa amri kutoka juu.

Tafakuri, yaani muuguzi kujihoji kuhusu kazi aliyoifanya, iliingia kupitia ufa huo. Mizizi yake iko kwa John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani aliyeandika kuhusu fikra mwaka 1910, lakini aliyewafikia wauguzi zaidi ni Donald Schön. Mwaka 1983 alieleza kwamba mtaalamu hodari hufikiri katikati ya kazi na tena baada ya kazi. Mwaka 1988 Graham Gibbs wa Oxford alitoa mzunguko wa hatua sita: nini kilitokea, ulihisi nini, kipi kilikuwa kizuri au kibaya, kwa nini, ungeweza kufanya nini kingine, na safari ijayo utafanya nini. Katika hospitali ndogo ya Burford, Christopher Johns alikwenda mbali zaidi, akiweka mbele ya yote swali la huyu mtu ni nani.

Kwa yule mzee wa kiharusi, hatua hizo zinaweza kumfanya muuguzi atambue kwamba alimlisha haraka kwa sababu saa ya kugawa dawa ilikuwa imekaribia. Kosa hilo haliko kwenye fomu yoyote, na hakuna modeli ambayo ingelionyesha.

Tangu Aprili 2016 kila muuguzi aliyesajiliwa Uingereza anatakiwa kuandika tafakuri tano katika kila miaka mitatu na kuzijadili na mwenzake ili abaki kwenye daftari la usajili. Sharti hilo linawahusu pia wauguzi wa Kenya wanaosajiliwa huko chini ya makubaliano ambayo nchi hizo mbili zilitia saini Julai 2021.